Msalaba wa Kobe

Pale Keko, kwenye ule mstari wa mafundi wanaopanga vitanda na makabati mpaka ukingoni mwa barabara, Gaudens anajulikana kwa mambo mawili: hapunguzi bei ovyo, na hasahau. Mteja aliyemzungusha mwaka juzi akirudi leo meno nje, Gaudens atamwekea kiti, atamsalimia vizuri, halafu atamuuliza, "Wewe si ndiye wa lile kabati la jikoni?" Wenzake humtania kwamba hasira zake huzipaka vanishi zisioze. Yeye hacheki. Husema mtu asiyekasirika amezoea kuonewa.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuona hasira ya safari hii imemkaa kifuani wiki nzima. Kilichowashangaza mafundi wenzake ni kwamba aliwakasirikia watu kwa ajili ya rafiki ambaye hakuwahi kumtia machoni hata mara moja.

Ilianza na gemu ya kwenye simu. Ni mchezo wa vita: wachezaji wanashushwa kisiwani wanne wanne, wanaokota silaha, wanawindana, na kikosi kinachobaki mwisho ndicho mshindi. Kila mmoja yuko kwake na simu yake, lakini mnaongea sikioni kana kwamba mmekaa benchi moja. Kikosi cha Gaudens kilijiita Wazee wa Kazi. Nahodha alikuwa Benson, fundi simu wa Tabata, mwenye maneno mengi na kiherehere cha kushinda. Loveness alikuwa msusi wa Temeke, mlokole, ambaye risasi zake hazikumkosa mtu. Gaudens alijiita Fundi. Na wa nne alikuwa Kobe.

Huko mchezoni hakuna anayekuuliza jina la ubatizo. Mtu ni lile jina alilojipa, na jinsi anavyokutendea mambo yakiwa magumu. Kobe alijipa jina lililomfaa, maana hakukimbia. Wenzake wanachanja mbuga, yeye anatembea nyuma, taratibu, anaangalia kila kichaka. Benson alikuwa akimfokea kila siku, "Kobe, songa basi, unatuchelewesha." Kobe anajibu, "Nendeni tu, mie niko nyuma yenu." Na kweli alikuwa nyuma yao. Ukipigwa risasi ukaanguka, unabaki na muda mfupi tu wa kuinuliwa na mwenzako kabla hujafa kabisa. Wachezaji wengi humuacha aliyeanguka, wakaokoa roho zao. Kobe haachi. Gaudens akianguka husikia sauti ile isiyo na haraka: "Tulia hapohapo, Fundi. Nakuja." Risasi zinapita juu, na Kobe anakuja akitembea.

Gaudens ni mtoto wa katekista wa Muleba. Akiingia mchezoni jioni baada ya kufunga karakana, salamu yake ilikuwa ileile aliyofundishwa na baba yake: "Tumsifu Yesu Kristo." Benson hujibu, "Niaje, braza." Loveness hujibu, "Bwana asifiwe." Kobe peke yake ndiye aliyeitika inavyopaswa: "Milele amina, Fundi." Siku ya kwanza alikawia kidogo. Kuanzia ya pili aliitika bila kubabaika. Basi Gaudens akamhesabu kuwa Mkatoliki mwenzake, akamchora akilini mwake: mzee mnene kidogo, mtunza stoo wa mahali fulani upande wa Pugu, mwenye rozari kwenye kioo cha gari bovu. Mchoro ule aliuamini mpaka ukawa mtu.

Mambo waliyozungumza yalizidi ya gemu. Mama yake Gaudens alipofariki, akapanda basi la kwenda Muleba, Kobe alikuwa naye sikioni njia nzima. Hakumhubiria. Alimuuliza tu, mama alikuwa anapika nini, alikuwa anakuitaje ukikosea. Mahali mtandao ulipokatika alisubiri, ukirudi akauliza swali jingine, mpaka bando la Gaudens likaisha. Ndugu wa damu waliompigia simu siku ile waliuliza nani atasimamia mashamba ya migomba.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anakufa, na wewe huambiwi.

Kikosi kilikuwa kimefika fainali ya mashindano ya mkoa. Siku mbili kabla, Kobe hakuonekana. Benson akasema maiki ya Kobe imeharibika, atacheza bila kuongea. Jumapili ya fainali Kobe akaingia kweli, taa yake ya kijani, ile inayoonyesha mtu yupo mchezoni, ikawaka. Gaudens akasalimia, hakuitikiwa, akasema moyoni maiki mbovu. Mchezo ukaanza, na Kobe akakimbia. Alikimbia kama mwizi. Karibu na daraja Gaudens akapigwa, akaanguka. "Kobe, niko chini," akasema, na akatulia hapohapo kama alivyozoea. Kobe akapita juu yake, akaokota bunduki ya Gaudens, akaendelea na safari zake.

Walishinda. Gaudens, aliyekuwa amekufa darajani, hakusikia raha ya ushindi. Alimtukana Kobe kwenye maiki mbele ya wote, maneno ambayo katekista wa Muleba angemchapa viboko kwa ajili yake. Alimwita mbwa. Alimwambia kumbe utu wako wote ulikuwa wa mazoezi, fainali imekuvua nguo. Hakuna aliyemzuia. Kisha akamnunia Kobe, na kwa siku zilizofuata akawa haingii mchezoni ili asije akamsalimia.

Wiki ilipokwisha, Benson akawaita wote baa moja ya Tabata mchana, waonane uso kwa uso na kugawana zawadi, ambayo ilikuwa simu mpya kwa kila mtu. Gaudens alikwenda kwa sababu moja: kumkabili Kobe. Alimkuta Benson, alimkuta Loveness mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na alimkuta kijana mmoja mrefu anayekula chipsi bila kuinua kichwa. Benson akasema huyo ni Isack, mdogo wake.

"Kobe yuko wapi?" Gaudens akauliza kabla hajakaa.

Benson akafuta mikono. "Kaa kwanza, kaka."

"Mie nasikia nikiwa nimesimama."

"Kobe alifariki. Ile Ijumaa, kabla ya fainali."

"Fainali ipi?"

"Hii tuliyoshinda."

"Nimecheza fainali na Kobe," Gaudens akasema. "Amenipita darajani."

Benson akamtazama mdogo wake. Isack akaacha kutafuna. "Ulicheza na huyu," Benson akasema. "Kobe alinipaga neno la siri la akaunti yake. Akilazwa nilikuwa namchukulia zawadi za gemu za kila siku. Sasa ningefanyaje, kikosi ni watu wanne, na majina yalishasajiliwa."

Loveness akashika mdomo. Yeye pia hakuwa anajua. Gaudens akabaki amesimama, na wale waliomwona siku hiyo wanasema hakupaza sauti kabisa, na hiyo ndiyo iliyowatisha.

"Nani alikwambia amefariki?"

"Baba yake. Alinipigia kwa simu ya marehemu. Akasema wanazika leo hii, marafiki walio karibu waje."

"Marafiki walio karibu waje," Gaudens akarudia. "Akakwambia uje nasi. Ukafanya nini?"

"Kaka, fainali keshokutwa. Nikiwaambia mtavunjika moyo. Nikaona nitawaambia baadaye. Hata Kobe mwenyewe angetaka tushinde."

"Usimsemee."

Hilo la kuzika siku ileile lingemfungua macho mtu mwenye utulivu. Gaudens hakuwa nao. Alichosikia ni kimoja tu: kwamba kuna kaburi la rafiki yake lilifukiwa, na yeye alikuwa Keko anapiga msasa. Kwetu hapa mtu anaweza kukukosea harusi ukamsamehe. Msiba hausameheki kirahisi. Na huyu hakuukosa, alifichwa. Juu ya kufichwa, jina la marehemu akavalishwa mtu mwingine, mpaka yeye Gaudens akalitukana.

Benson, ambaye hakujua mahali pa kunyamaza, akaongeza kwamba mashindano ya taifa yanakuja, Isack ataendelea na jina la Kobe, maana jina likitoka kikosi kizima kimetoka. "Ni jina tu la gemu, Fundi. Mwenyewe halihitaji tena." Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo alivyoishi Benson. Gaudens akalisukuma boksi la simu yake ya zawadi taratibu kwa kidole kimoja, likavuka meza, likaangukia kwenye bakuli la kachumbari. Kisha akaondoka.

Loveness ndiye aliyembana Benson mpaka akasema nyumba iko wapi. Benson aliwahi kupeleka huko kioo cha simu. Akamwandikia Gaudens: Kipawa, geti la bluu, mbele kuna duka la misumari na rangi. Hakuandika zaidi, wala Gaudens hakuuliza zaidi. Alikuwa ameshaanza kazi.

Aliichukua mbao ya mninga aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya kitanda chake mwenyewe, akaipiga randa, akatengeneza msalaba. Hakutumia msumari. Alichonga mahali mbao mbili zinapokutana, zikaumana mpaka ukipitisha ukucha hausikii kitu. Alijua misalaba ya haraka inayouzwa karibu na makaburi, ya mbao laini iliyopakwa rangi nyeupe, mvua mbili imepinda. Kobe hatalala chini ya kitu cha namna ile. Hakumzika, basi walau atamwekea alama.

Mkewe, Kokuberwa, alifika karakanani kumletea chakula akamkuta anachonga herufi. Akazisoma. "KOBE. Na jina lake?"

"Hilo ndilo jina lake."

"Gaudens, mtu humjui jina, humjui baba, unamchongeaje msalaba? Nenda kwanza ukatoe pole kwa mikono mitupu. Hayo mengine yatafuata."

"Nimeshachelewa mazishi. Niende mikono mitupu, niwaambie nini?"

"Uwaambie umechelewa," Kokuberwa akasema, akafunua hotpoti. "Hasira hasara, baba. Hizo herufi zinakwenda upande." Zilikuwa zimenyooka. Alisema hivyo ili amcheleweshe, na hakufanikiwa.

Jumamosi Gaudens akafunga msalaba ndani ya gunia, akaubeba begani mpaka Kipawa. Ndege zilikuwa zinashuka chini kiasi cha kukata maneno ya watu barabarani. Geti la bluu alilipata, na duka la misumari na rangi alilipata. Juu ya mlango wa nyumba, ndani ya geti, kulikuwa na maandishi ya Kiarabu ya rangi ya dhahabu, na kitambaa cheusi kimetundikwa. Gaudens akasimama. Akajiambia amekosea nyumba. Akamtazama mzee wa Kihindi aliyekuwa anatoka dukani, kofia nyeupe kichwani, miwani kifuani kwa kamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unatafuta bawaba?"

"Hapana. Naulizia nyumbani kwa marehemu mmoja. Tulikuwa tunamwita Kobe."

Mzee akavaa miwani. Akamwangalia muda mrefu, kisha akasema, "Wewe Fundi."

Gaudens akarudi nyuma hatua moja.

"Sauti yako naijua. Kila jioni ilikuwa inatoka chumba kile. Mie Jafferali, baba yake. Yeye aliitwa Aqeel. Karibu. Umechelewa, lakini karibu."

Gunia lilikuwa begani kwa Gaudens. Alihisi uzito wake kuliko njia nzima. Mzee Jafferali akauliza hicho ni nini, na Gaudens, mtu asiyedanganya hata mteja, akasema ni mbao za watu. Akaliegemeza nyuma ya geti, akavua viatu, akaingia.

Hasira aliyoingia nayo mle ndani haikuwa ya Benson tena. Ilikuwa ya Kobe. Miaka yote ile ulikuwa unaniitikia milele amina, alikuwa anamwambia moyoni, ukinisikiliza nakwambia habari za komunyo ya mwanangu, hukuweza kusema neno moja? Nimebeba msalaba mji mzima kuuleta kwa Waislamu kwa sababu yako. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeniumbua na mimi.

Chumbani kulikuwa na kitanda cha chini, kiti cha magurudumu, na kipande cha mbao kilichofungwa ubavuni mwa kitanda kushikilia simu. Gaudens alikitambua kile kipande. Siku moja Kobe alimuuliza mbao gani haipasuki ukiweka skrubu karibu na ukingo, naye akamwelekeza, akidhani ni rafu ya stoo. Mama yake Kobe, Bi Sugra, alikuwa amekaa kwenye mkeka, ushungi mweusi kichwani, na simu ya mwanawe iko kwenye chaji pembeni yake. Gaudens akampigia magoti kumwamkia, akampa pole. Akamweleza hakuambiwa.

"Alikuwa anaumwa nini, mama?"

"Misuli," Bi Sugra akasema. "Tangu mdogo. Kwanza miguu, kisha mikono. Mwishoni vilibaki vidole, navyo kwa shida. Kule kwenye mchezo wenu mlikuwa mnamsema hakimbii. Kukimbia kulitaka abonyeze kwa vidole viwili pamoja. Vyake vilikuwa havikubaliani. Kimoja kikitii, kingine kinagoma."

Gaudens akatazama kile kipande cha mbao. Akakumbuka mara ngapi aliinuliwa kwa kidole kimoja, na mara ngapi alicheka Benson alipofoka.

"Lakini nashukuru," mama akaendelea. Akaichukua ile simu. "Kila jioni inatoa mlio. Binti yangu Fizza ananisomea, anasema akaunti ya Aqeel imefunguliwa kwenye simu nyingine. Nikamwambia huyo ni Fundi. Anaiwasha taa ya rafiki yake isizimike. Nakaa hapa nasubiri ule mlio. Ukilia ndipo nakwenda kuandaa chakula."

Hapa Gaudens angeweza kukubali. Angetikisa kichwa tu, mama angeridhika, na yeye angerudi Keko akiwa mtu mwema. Wapo watu wangemshauri hivyo. Lakini kukubali kulikuwa na maana moja: kuwa mwongo wa tatu ndani ya jina lile, baada ya Benson na mdogo wake. Hakuweza.

"Si mimi, mama," akasema. Na akamweleza yote, fainali, daraja, Isack, na mashindano ya taifa. Alimweleza hata matusi yake. Maneno yalimtoka kwa ukali, kana kwamba anamkaripia mama wa watu, na hakuweza kuyalainisha.

Bi Sugra hakulia. Alikunja ncha ya ushungi wake, akaikunjua. Mzee Jafferali, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kitu kwa Kikutchi, lugha yao ya nyumbani, na mkewe akamjibu neno moja. Kisha akamgeukia Gaudens. "Sasa hivi wako huko?"

Gaudens akatoa simu yake. Ilikuwa saa kumi, saa ya mazoezi. Akafungua. Walikuwepo: Benson, Loveness, na Kobe na taa yake ya kijani, anakimbia ufukweni anawasubiri. Wakati huohuo ile simu ya kwenye chaji ikatoa mlio wake. Mama akaitazama, kisha akanyoosha mkono apewe ya Gaudens.

"Wananisikia?"

"Wanakusikia."

Akaisogeza karibu na mdomo, kama watu wasioizoea. "Hamjambo, wanangu," akasema. "Mimi mama yake Kobe."

 Kule kisiwani Benson alisimama, Loveness alisimama. Kobe alisimama mwisho.

"Mwanangu tumemzika. Baba yake na wajomba zake walimshusha kwa mikono yao. Sasa namwona hapa anakimbia. Mwanangu hakukimbia hata siku moja, humo wala nje. Huyu anayekimbia ni nani?"

 Ndege ikapita juu ya paa, ikapotea. Ndipo ikasikika sauti ya kijana, imekauka. "Shikamoo, mama. Ni mimi. Naitwa Isack."

"Marahaba, Isack. Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Nenda kakae naye. Toka kwenye jina la mwanangu."

Benson akaanza, "Mama, samahani, sisi tulikuwa tunataka tu..." na Loveness akamkata, "Nyamaza, Benson." Taa ya Kobe ikazimika. Loveness akatoka. Benson akabaki peke yake ufukweni na jina lake.

Gaudens akamwonyesha mama jinsi ya kubadilisha neno la siri kwenye simu ya marehemu. Simu ikauliza kama ana hakika. Mama akabonyeza mwenyewe, kwa dole gumba, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Baada ya hapo akaichomoa ile simu kwenye chaji, akaiweka mapajani.

Mzee Jafferali akamsindikiza mgeni. Uani akasimama. "Nilikuwa nakukasirikia wewe," akasema. "Siku ya kwanza nilipomsikia mwanangu anaitika ile salamu yenu, niliingia chumbani nikamgombeza. Nikamwambia maneno hayo si yetu. Akaniambia, baba, nimemuuliza yule dada Mchaga wa dukani inajibiwaje, kwa sababu mtu amenisalimia mara ya kwanza nikakawia, nikaona aibu. Akasema mtu akikuamkia kwa jema, unamrudishia jema lake. Hutamuacha anasubiri. Nikamkataza. Hakunisikiliza."

"Mbona hakuniambia, mzee? Miaka yote."

"Angekwambia, ungeendelea kumsalimia hivyo?"

Gaudens akafikiri. Alitaka kusema ndiyo. "Nisingeendelea," akasema.

"Basi ndiyo hiyo. Alikuwa anaipenda. Humu ndani watu wakimsalimia walikuwa wanamuuliza kwanza maumivu."

Walifika kwenye geti. Mzee akaliangalia lile gunia, akaliwekea mkono pale mbao zinapokutana. "Mie nimeuza vifaa vya mafundi maisha yangu yote, Fundi. Hizi si mbao za watu."

Gaudens akafungua kamba. Hakujitetea. Mninga ukatoka na rangi yake, na herufi nne zilizonyooka. Mzee Jafferali akapitisha ukucha kwenye maungio, akautafuta mwanya, hakuupata. Kisha akapitisha kidole kwenye jina, herufi moja moja.

"Kwetu hauwezi kusimama," akasema. "Unaelewa?"

"Naelewa sasa."

"Lakini usiuvunje. Wala usilifute jina kwa randa ukampa mtu mwingine."

"Hakuna atakayeugusa," Gaudens akasema, na sauti yake ilikuwa ya ugomvi, kama vile kuna mtu ameshajaribu. Akaufunika tena, akauinua begani. Akageuka kuaga, na kwa mazoea ya kila jioni na nyumba ile, salamu ikamtoka kabla hajaizuia.

"Tumsifu Yesu Kristo."

Mzee wa watu alikuwa ameshika geti. Akalishikilia hapohapo, nusu wazi, na Gaudens akatamani ardhi ipasuke.

"Hilo siwezi kulijibu, Fundi," Jafferali akasema. "Aliyekuwa analijibu hayupo."

Gaudens akasubiri kidogo pale nje. Kisha akaubeba msalaba wake akarudi nao Keko.